Makavu kuhusu biti zako: maswali ambayo maprodyuza wachanga wananiuliza kila siku

Kwani we ni nani mpaka utuelekeze?

Mi sio mtu, nianzie hapo. Ni fundi simu Kariakoo, mchana nabadilisha vioo na sistimu chaji, usiku nipo geto natengeneza singeli, siku nyingine amapiano, kwenye laptopu ambayo feni yake inapiga kelele kuliko snea (ile ngoma ndogo kali). Mwaka wa sita huu. Sina hiti, sina studio, sina msanii anayenitaja mwanzo wa wimbo. Ila kuna kitu kimoja nimekisotea mpaka nikakijua, nacho ni namna ya kumfanya mtu akupe makavu kuhusu kazi yako badala ya kukupaka mafuta. Kila siku wadogo zangu wananiuliza yaleyale kwa hiyo nimeyaandika hapa yote, nisichoke mi na msichoke nyie.

Nikituma biti kwa wana wote wanajibu "kali", "moto", "noma sana". Niamini?

Usiamini. Sio kwamba ni waongo. Mshikaji wako anajua umekesha, anajua uliuza sabufa ya geto ili upate hedfoni, sasa akikuambia biti haina kichwa wala miguu kesho mtakaaje kijiweni? Si tumelelewa hivyo, ukienda kwa mtu ukapikiwa, hata kama chumvi imezidi unasema asante mama chakula kitamu. "Kali" ni salamu tu, ni kama kujibu "poa" ukiulizwa mambo vipi huku kodi ya nyumba hujalipa.

We angalia anachofanya, achana na anachosema. Kakuomba umtumie nyingine? Kaiweka status bila kuombwa? Umemkuta siku anaisikiliza mwenyewe? Mi kuna mwana nilimtumia biti ya dakika tatu, tiki zikawa bluu, ndani ya sekunde tisa akajibu "kali kinoma mwanangu hii inaenda mbali". Sekunde tisa! Hata kiki ilikuwa haijaingia.

(Kiki ninayosema hapa ni ule mdundo wa ngoma kubwa, sio kiki ya kutafutia jina. Tusije tukachanganyana.)

We mara ya kwanza kuambiwa ukweli ilikuwaje?

Hii ndio naipendaga. Alikuja mama mmoja dukani na simu yake, spika inakwaruza. Nikafungua nikaweka spika mpya, nikafunga, sasa ukishabadilisha spika lazima uipime mbele ya mteja, na mi siku hizo nilikuwa nazipima kwa biti zangu, nilikuwa nayo moja mpya nairingia balaa. Nikabonyeza. Mama kakunja uso, kasikiliza kidogo, akasema "Baba, bado inakwaruza." Nikamwambia hapana mama, hiyo ni spika mpya kabisa nimeitoa kwenye karatasi yake mbele yako. "Kwani mi siskii? Inakwaruza, na hela sitoi."

Nikaitoa nikaweka nyingine. Ileile. Nikaweka ya tatu, jasho linanitoka, mama kashakaa kwenye stuli anapiga simu nyumbani kwamba fundi kamzingua. Ndio dogo ninayefanya naye kazi akasema kaka hebu weka wimbo mwingine. Akaweka taarabu. Spika ikaimba safi kama maji ya kisimani. Mama akalipa akaondoka zake, hana habari kama kuna mtu kamuua pale.

Usiku nikafungua projekti. Masta chaneli (pale sauti zote zinapokutana) inagonga nyekundu mwanzo mpaka mwisho, imepita sifuri kwa desibeli tano, na ukishatoa faili hamna kitu juu ya sifuri, wimbi linakatwa kichwa tu, ndio ule mkwaruzo. Biti hiyo nilikuwa nimeshawatumia watu kama arobaini. Arobaini wote "kali". Aliyeniambia inakwaruza ni mama aliyedhani anagombana na spika.

Tangu siku ile nikajua mtu ataongea ukweli kama hajui biti ni ya kwako. Karibu kila ujanja nitakaoutaja huku chini umetokea hapo.

Sasa nimpe nani asikilize?

Usimpe anayekupenda na usimpe anayekudai. Watu wanaofaa ni wa aina chache.

Kuna asiyejua kama ni yako. Kama una duka, saluni, bodaboda yenye redio, genge, popote watu wanaposubiri, weka biti yako katikati ya nyimbo mbili ambazo watu wanazijua alafu kaa kimya. Usimwangalie mtu usoni. Subiri kama mguu utagonga chini, kama mtu ataongea kwa sauti zaidi kuishinda, kama atasema "hebu rudisha ile iliyopita". Kinyozi mmoja jirani yangu amenisaidia kuliko maprodyuza wote ninaowajua na hajui mpaka leo.

Kuna DJ wa kigodoro, zile ngoma za usiku za mtaani. Huyu hajali kompresa wala plagini (vidude vya kompyuta vya kurekebisha sauti), anajali kitu kimoja, watu wasitoke kati. Nilimpa DJ mmoja wa Mbagala flashi yangu, akaipiga kwenye saa saba usiku. Kina dada waliokuwa mbele walianza vizuri tu, alafu ikafika pale nilipoweka brek ya baa 16 (baa moja ni pigo nne) bila kiki, eti naleta hisia. Piga hesabu, kwenye BPM 280, yaani pigo 280 kwa dakika, hizo ni pigo 64, sekunde kama 14 hivi. Kwenye kigodoro sekunde 14 bila kiki ni mwaka mzima. Mmoja akaanza kufunga kanga yake upya, mwingine akaangalia simu, wawili wakaenda kununua maji na mmoja tu ndio alirudi. Hakuna mtu aliniambia kitu na sikuhitaji kuambiwa. Brek nikaikata ikawa baa nne.

Alafu kuna prodyuza aliyekupita hatua moja. Moja tu, sio kumi. Huyu bado anakumbuka alivyotoka hapo ulipo.

Na mama yangu je?

Mama muwekee tu, afurahi. Usimuulize.

Nikishampata mtu, nimuulizeje?

Hapa ndio wengi tunaharibu. "Mnaionaje?" ni swali la kuombea sifa na utapewa sifa. Muulize mtu kitu ambacho hawezi kukijibu kwa "kali". Mi nina swali moja ambalo naliamini kuliko yote: ungekuwa na rimoti mkononi, ungeruka sekunde ya ngapi? Mtu haoni kama anakutukana, anakutajia namba tu. Ukiwauliza watu watano na watatu wakataja kuanzia 0:40 mpaka 0:50, huna haja ya kujua sababu zao, nenda pale kasikilize mwenyewe utaona aibu.

Pia muulize biti inamkumbusha nini, sauti gani inamuudhi, na kama angelazimishwa kutoa kitu kimoja angetoa kipi. Hiyo ya "kama ungelazimishwa" inafanya kazi sana maana umemlazimisha wewe, lawama sio yake. Ujanja mwingine nadanganya kidogo, nasema "kuna dogo kanitumia biti yake anataka nimchane, hebu nisaidie". Watu wanavyochanaga biti ya dogo wasiyemjua, utalia. Ila usiseme baadae kwamba dogo ni wewe, mtu anajisikia vibaya na hatakusaidia tena.

Kama unatuma ujumbe, andika kitu kama hiki: "Kaka habari za kazi. Nina singeli ya dakika mbili, BPM 280. Nahangaika na besi na kiki kuanzia 0:30, naona zinapigana. Ukipata nafasi naomba unichane hapo tu, sitakasirika." Mtu kapewa kazi ndogo yenye mwisho. Ukimtumia biti saba na "niambie kaka" atakujibu akistaafu.

Nina matoleo mawili siwezi kuchagua, niwape watu yote?

Wape, uyaite A na B, usiseme lipi jipya. Ila kabla ya hapo hakikisha yana sauti sawa! Sikio la binadamu lina tabia ya kuona chenye sauti kubwa ndio kitamu, hata tofauti ikiwa desibeli moja au mbili mtu hajui kama hii ni kubwa zaidi, yeye anasema tu "hii ina uhai". Nilishachagua miksi (namna sauti zilivyochanganywa) mbovu kwa sababu hiyo na nikaitetea wiki mbili.

Na ndio maana ukilinganisha biti yako na wimbo wa mtu mkubwa lazima uushushe ule wimbo wake mpaka ulingane na wako kwa sikio. Wake umeshafanyiwa mastaringi (usafi wa mwisho na kukuzwa sauti), wako bado. Usipoushusha utakata tamaa bure, au utaibana yako na limita (kile cha kuzuia sauti isivuke dari) mpaka ife. Kuibana sana hakusaidii hata ukishaitoa, Spotify yenyewe inaishusha kwenye -14 LUFS hivi (kipimo cha ukubwa wa sauti), unabaki na biti iliyobanwa alafu haina sauti kubwa.

Nitume kwa njia gani? Naona WhatsApp inaharibu.

Ukiituma kama voisi noti, au ukairekodi kwa kuweka simu mbele ya spika (mnafanya, najua mnafanya), inakandamizwa na besi inakufa, alafu mtu anakuchana kwa kosa ambalo sio lako. Tuma kama dokumenti, inafika ilivyotoka.

Na muonee huruma mwenzako na bando lake. WAV ya kawaida ya biti 16 (bit za kompyuta, sio biti ya muziki) na 44,100 Hz ni kama MB 10 kwa dakika, wimbo wa dakika tatu MB 30. MP3 ya 320 ni kama MB 7 kwa wimbo huohuo na kwa kuchanwa inatosha kabisa. WAV muwekee anayekufanyia mastaringi.

Jina la faili pia. "finali_finali_mpya2_HII NDIO" haimwambii mtu kitu, andika jina, BPM na namba ya toleo. Atakapokuambia "ile ya tatu ilikuwa nzuri kuliko ya tano" uijue ipi.

Nikituma biti si wataiiba?

Swali hili huwa linatoka kwa watu ambao biti zao hakuna anayezitaka, samahani lakini ndio ukweli, na mi nilikuwa mmojawao. Kwa sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 kazi inakuwa ya kwako tangu ulipoitengeneza, haisubiri cheti. Tunza mafaili ya projekti na tarehe zake, weka kopi kwenye flashi au kwenye imeili yako. Kama roho bado inadunda weka sauti ya tagi (ile inayotaja jina lako) kila baada ya sekunde 20, ila ujue hiyo tagi itamuudhi anayekusikilizia.

Staili lakini haiibwi, mtu akisikia umeanza na zumari na yeye akaanza na zumari huna kesi. Na kama biti yako ni lupu ya taarabu ya mtu uliyoikimbiza mpaka 280, hebu tuache kwanza kuongelea nani mwizi.

Nimeambiwa miksi yangu ni "tope". Ndio nini?

Watu wasio mafundi wanaskia vizuri tu, wanachokosa ni majina. Kwa hiyo kazi ya kutafsiri ni yako.

Mtu akisema tope, au "kama imefunikwa na blanketi", mara nyingi vitu vimejazana kwenye 200 mpaka 500 Hz, yaani kinanda, pedi, besi na sauti ya mtu wote wamekaa kiti kimoja. Kata kwa EQ (kile cha kupunguza au kuongeza masafa) kwenye vile visivyohitaji kuwa pale, usiongeze juu kwanza. Akisema "inachoma masikio" ni haihati (zile tasa ndogo) na sinthi (kinanda cha kielektroniki) kwenye 3,000 mpaka 6,000 Hz. Akisema "haina nguvu" usikimbilie kuongeza besi, sikiliza kama kiki na besi zinaingia muda uleule na kuuana. Akisema "inachosha" hapo sio miksi tena, ni mpangilio, lupu imejirudia mara nyingi bila kitu kuingia wala kutoka. Akisema "siisikii besi", muulize kwanza alikuwa anasikilizia nini. Spika ya simu ndogo haitoi kitu cha maana chini ya 200 Hz hivi, kwa hiyo besi yako ya 50 Hz kwake haipo kabisa, kaskia nafasi tupu. Dawa yake ni satureshoni (mkwaruzo mdogo wa makusudi) kidogo kwenye besi, inazaa sauti za juu yake, 100, 150, 200, 250 kwenda mbele, sikio likizipata hizo linaijaza lenyewe ile iliyokosekana. Mi nikiwa na simu kumi za wateja zilizopona mezani nazipitia zote, tekno ya batani mpaka ya milioni. Ikiskika vizuri kwenye ya batani, sina wasiwasi.

Moja niliyochukua muda kuielewa: "kuna kitu kinapotea." Jamaa wa baa aliniambia hivyo kuhusu sinthi yangu kubwa, nikaona haskii vizuri. Kumbe spika zake zote mbili zimeungwa mono (kushoto na kulia vimechanganywa kuwa sauti moja), na mi ile sinthi nilikuwa nimeipanua na plagini mpaka upande wa kushoto ukawa kinyume cha kulia, ukivichanganya vinafutana. Geto kwangu kwenye hedfoni inazunguka kichwa kizima, pale baa haipo. Bonyeza kitufe cha mono kabla hujatuma, sekunde tano tu.

Mi natengeneza singeli na kila nikiomba maoni wananiambia "kelele". Si hawaelewi tu huu muziki?

Inawezekana. Kuna watu singeli kwao ni kelele tangu inazaliwa uswahilini na watasema hivyo mpaka kiama, na wakati wao wanasema, mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ikatoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, biti za studio ya Mburahati hapo hapo, na watu wa Ulaya wakaanza kuzicheza klabu. Kwa hiyo ukienda kumuuliza mtu wa zuku (nyimbo za taratibu za mapenzi) umekosea mlango, ni kosa lako.

Ila usikimbilie hapo haraka, mi nilijificha humo miaka miwili. Kuna kelele ya kukusudia na kuna kelele ya bahati mbaya. Mchiriku ulipigwa na vinanda vidogo vya Casio kwenye spika zinazolia mpaka zinapasuka, ule mkwaruzo ulikuwa sehemu ya utamu, na singeli imerithi. Sawa. Lakini we mkwaruzo wako uliuweka au ulikuta umewekwa? Jipime, ukiutoa biti inapungua kitu au inapata pumzi?

Alafu kuna hesabu ambayo hatuambiani. Gawanya 60,000 kwa BPM unapata milisekunde kati ya pigo na pigo. Amapiano ya 112 ni 536. Singeli ya 280 ni 214. Sasa we umeokota kiki ya 808 (ile yenye besi ndefu) kwenye paki ya sauti za trapu, mkia wake unakaribia sekunde nzima, umeiweka kwenye 280, maana yake pigo la nne limeingia na la kwanza bado linalia. Zote nne zinaunguruma pamoja, mtu akisema "kelele" ana haki kabisa. Fupisha mkia mpaka milisekunde 150 hivi uone. Mi nilivyofanya hivyo mara ya kwanza nilizima nikawasha tena nikidhani nimefungua projekti ya mtu mwingine.

Kwa hiyo anayekuambia kelele muulize swali moja la nyongeza: singeli gani unaipenda? Akikutajia, maoni yake yabebe. Akisema hakuna, mshukuru uondoke.

Nasikilizia hedfoni za elfu tano, maoni ya watu yatanisaidia kweli?

Yatakusaidia kuliko mwenye spika za milioni mbili, maana we huskii wanachoskia wao. Ila zijue hedfoni zako. Pitisha nyimbo tano unazozijua mpaka pumzi, uone zinazidisha nini, zangu zinazidisha besi kwa hiyo biti zangu zote za mwanzo hazikuwa na besi kwa watu.

Usimiksi kwa sauti kubwa saa nane za usiku pia. Kina Fletcher na Munson walishaonyesha mwaka 1933 kwamba kwa sauti ndogo sikio halipati besi na sauti za juu sawasawa kama kwa sauti kubwa, kwa hiyo ukiwa umefungulia hadi mwisho kila kitu kinakuwa kitamu, asubuhi unakuta embe bichi. Alafu masikio hayana spea. Fundi nakuambia.

Watu wawili wamenichana vitu vinavyopingana. Mmoja besi nyingi, mwingine besi kidogo.

Mmoja kasikilizia kwenye gari. Uliza walikuwa na nini kabla hujagusa kitu. Na kama vifaa ni sawa na bado wanapingana, angalia wanaonyesha sehemu ileile au la. Mara nyingi wote wawili wameona tatizo la 1:10 ila kila mmoja kakupa dawa yake. Tatizo waamini, dawa tafuta mwenyewe.

Nimemtumia prodyuza mkubwa, kasoma na kukaa kimya.

Anatumiwa mia. Usimtumie alama ya kuuliza, usimwambie "kaka umeniringia". Kaa mwezi, mtumie tena moja, fupi, na mwambie umebadilisha nini. Nilijibiwa mara moja tu kwa miaka sita, maneno matatu: "Intro ndefu mdogo wangu." Ilikuwa sekunde 48. Ukikumbuka kwamba Spotify inahesabu mtu kasikiliza akifika sekunde 30, biti yangu ilikuwa inahesabiwa kabla haijaanza.

Kuna jamaa anachaji elfu ishirini kutoa maoni. Nilipe?

Muombe akuonyeshe alichomwandikia mtu mwingine. Kama ni kurasa za "una kipaji endelea kukaza", hiyo elfu ishirini kanunue bando. Kama anataja dakika na masafa, lipa, ni nafuu kuliko plagini.

Natumia FL Studio (programu ya kutengenezea biti) ya majaribio, naweza kuomba maoni?

Unaweza, inatoa MP3 vizuri tu. Shida yake ukishasevu projekti na kufunga huwezi kuirudia mpaka ununue, kwa hiyo umepewa maoni mazuri na huna pa kuyafanyia kazi. Kwa sasa toa kila chaneli peke yake kama WAV kabla hujafunga. Ukija kuinunua, matoleo mapya yanakuja bure, haulipi tena.

Nimechanwa nikaumia, nataka kufuta kila kitu.

Usifute, laptopu ina nafasi. Usimjibu mtu siku hiyo, maana utaanza kuelezea, "hapo nilikusudia", "hiyo ni demo tu", na yeye hatakuchana tena maishani. Andika "asante kaka nimeipata" ufunge. Mi huwa nasubiri siku tatu alafu naisikiliza biti nikiwa nafanya kitu kingine, nafua au nasonga ugali. Kama alichosema kinanigonga nikiwa na mwiko mkononi, basi kipo.

Kuna matusi lakini, na hayo sio makavu. "Acha muziki ukalime" haina dakika wala sekunde ndani yake. Hiyo ruka.

Na mi nikiombwa, nimchaneje mwenzangu?

Sikiliza mpaka mwisho, mara mbili. Taja muda. Mwambie ulipojisikia kutikisika na ulipochoka. Usimpe dawa kumi, mpe moja. Na kama hujasikiliza mwambie hujasikiliza, usiandike "kali".

Nitajuaje kama sina kipaji tu?

Mi sijui na sijawahi kukutana na anayejua. Fungua biti yako ya mwaka jana. Kama unaionea aibu, umesogea. Kama unaiona tamu kama siku ya kwanza, hapo ndio ningeanza kuogopa.

Na wewe mwenyewe biti zako zimefika wapi?

Dukani bado. Mwezi uliopita nilikuwa na moja ya 290, ina filimbi, nikaiweka kati ya nyimbo mbili kama kawaida. Kulikuwa na dogo wa bodaboda anasubiri protekta. Ikapita, ukaanza wimbo mwingine, akainua kichwa: "Fundi, hiyo iliyopita unayo nzima?" Nikamwambia ipo dakika moja na nusu tu, mwenye nayo hajaimaliza. Akasema mwambie aimalize, nitakuja Jumamosi.

Jumamosi hakutokea. Alikuja Jumatatu, na memori kadi. Nikamuwekea, akaisikiliza hapohapo akiwa kwenye pikipiki, akarudi mlangoni akasema ni nzuri ila pale katikati inapoa, dakika ya kwanza na kitu hivi. Nimeirudia mara tatu tangu jana. Inapoa kweli, kwenye 1:04.